Ufunguo Uko Ndani ya Nyumba

Nasimiyu mwanangu,

Umetoka sasa hivi na kibodi ya watu kwapani, unairudisha, umeifunika na leso yangu isije ikanyeshewa, na kabla hujafika kwenye kona umegeuka ukaniambia, "Mama, usikizime. Kiache kilale chenyewe, halafu ukiguse uone." Nimekuitikia vizuri. Nimesubiri mpaka viatu vyako visisikike tena, nikarudi ndani, nikasukuma komeo, nikatia na kufuli kwa ndani, saa kumi na moja ya jioni majirani wote wa ploti wakiwa bado nje wanafua. Halafu nimeketi mbele ya hicho kibao chako cha kompyuta kama mtu aliyeachiwa mgeni asiyemjua.

Kimelala. Kioo kimekuwa cheusi. Nimekigusa na kidole kimoja, nacho kimeamka, na zile picha za nguo zikatokea hapo hapo. Hakikuniuliza mimi ni nani.

Wewe unaona hiyo ni raha. Mimi nimeshtuka.

Ndio nikachukua daftari yako iliyobaki kurasa nikaanza kukuandikia. Kesho asubuhi ukisafiri kutakuwa na haraka, na mimi nikiwa na haraka husema vitu vya sabuni na vya kuamka mapema. Hayo sitayaandika. Unayajua, tena mengine unanishinda. Nataka kukuandikia yale ambayo sikuweza kukuambia uso kwa uso kwa sababu uso wangu unanisaliti. Kama mistari yangu inapanda na kushuka, ni mkono wa cherehani huo, haukuzoea kalamu.

Nianze na kibao, maana ndicho kimeninyima usingizi wiki hii yote.

Mwalimu wako alipohama akakuachia, nilikuuliza, "Mbona anakupa kitu kizima?" Ukasema si kizima, sehemu ya kuandikia ilishang'oka, imebaki kioo peke yake. Nikauliza tena, "Na anataka nini?" Ukacheka. Ukakipeleka kwa Kizito pale saiba anapokodisha kompyuta, mkaweka ndani ile programu yenu ya Linux ambayo hainunuliwi. Hata hapo niliuliza ni nani huyo anayetengeneza kitu kizuri hivyo na kukitoa bure, na anapata nini. Kizito akaniambia, "Mama Nasi, wewe ungekuwa polisi." Sikucheka.

Halafu ukarudi nyumbani umenuna. Kila kikiwashwa kinauliza neno la siri, na mahali pa kuliandika hakuna. Ukanieleza kwamba ndani yake kuna kibodi nyingine ya kugusa kwenye kioo, lakini hiyo haitokei mpaka uwe umeshaingia. Nikakuambia, "Kwa hivyo ufunguo uko ndani ya nyumba na nyumba imefungwa." Ukanikumbatia kwa hayo maneno, ati nimeelewa kuliko wanafunzi wa Kizito. Nilifurahi sana siku hiyo, sikukuonyesha.

Sasa nikuambie nilichofanya mimi. Miezi hiyo yote ulipokuwa unakwenda kuazima kibodi ya Kizito, unaandika lile neno, unaingia, unarudisha, mimi nilikuwa nawaza jambo moja tu: mtoto wa miaka kumi na minne anaficha nini kinachohitaji neno la siri. Ulikuwa unaniwekea mitindo ya nguo humo, wateja wachague kola na mikono bila mimi kuchora kwenye vumbi. Nilikuwa naona picha zinaongezeka kwa macho yangu. Bado nilikufuata siku moja mpaka mlangoni pa saiba. Nikasimama kwa muuza mitumba nikijifanya napima sketi. Ulipoondoka nikaingia nikamuuliza Kizito unamwandikia nani.

Akasema, "Si anajifunza tu, mama. Anasoma vile watu wanafungua mashine bila kuandika."

Mimi nikasikia "kufungua" nikadhani wizi. Niliporudi nilipekua begi lako. Nilipata penseli na nusu mahindi ya kuchoma.

Nisamehe kwa hilo. Sijamaliza, kuna lingine litakuja.

Wiki hii ndio umeanza kusema utakifanya kijifungue chenyewe kabla hujaenda kusoma Bungoma kwa kukhu yako, mama wa baba yako, nisibaki nje. Jumatatu ukaja na kibodi, ukachomeka, ukatafuta ile sehemu ya kuingia, ukanionyesha ulipoweka tiki na jina langu likatokea. Ukazima, ukawasha. Kikaingia moja kwa moja bila kuuliza. Ukaruka ruka hapa ndani. Ukairudisha kibodi kwa Kizito, ukarudi, tukapika, na tulipotaka kumwonyesha Mama Tabu wa mlango wa pili, kikawa kimelala, na kilipoamka kikauliza neno la siri. Mama Tabu akasema, "Hiki nacho kimekataa wageni." Wewe karibu ulie. Mimi, Mungu anajua, nilisikia moyo umetulia kidogo. Nilijiambia, afadhali. Hata mashine ina akili, ikifumba macho inataka kujua aliyeigusa ni nani.

Ndio maana umeenda tena leo, na Kizito ameshika sweta yako mpaka kibodi irudi. Umekuta kwamba kuingia ni jambo moja na kuamka ni jambo lingine, kila moja lina mahali pake pa kuzimwa. Umeyazima yote mawili. Umeniambia, "Sasa hakuna kitu kitakufungia nje, Mama."

Umesema vizuri. Lakini mimi nilikuwa nawaza wale watakaoingia.

Sasa nikueleze hii tabia imetoka wapi, maana watu wa Bungoma watakueleza kwa njia yao, na nataka uisikie kwangu kwanza.

Nilipoolewa na baba yako nilikuwa na miaka kumi na saba. Mimi nimekulia hapa hapa Tuwan, Kitale mjini, kwenye vyumba vya kupanga, mlango kwa mlango, na kila mlango na kufuli yake. Kwetu maharagwe yalinunuliwa ya kupika leo. Sijawahi kuona chakula kikiwekwa nyumbani miezi. Nikaenda kwa kina baba yako, nikapikia jikoni kwa kukhu yako mwaka mzima vile bibi arusi anapikia kwa mama mkwe, halafu ukazaliwa, na baada ya hapo nikapewa jiko langu. Jiko dogo la udongo, mlango wa mbao usio na kitu, unasukuma tu. Kukhu alikuwa anaingia anavyotaka. Ananiletea ndizi, anachukua moto, anakuchukua wewe mgongoni anaenda. Hakuna kuuliza. Baba yako alikuwa anaona ni upendo, mimi naona ni mtu anapima chumba.

Wakati huo ulikuwa unalia sana. Unalia mpaka unakuwa wa bluu kwenye midomo. Siku moja nimetoka kliniki na wewe, nimefungua mtungi wangu wa maharagwe nipime ya jioni, mkono ukagusa kitu. Nikatoa kifurushi. Ndani kulikuwa na majani makavu yenye harufu kali na majivu. Na kile kitambaa kilichofungia kilikuwa kipande cha shati lako la kuzaliwa.

Kaa mahali pangu. Mtoto analia usiku na mchana, na shati lake limefungiwa majani ndani ya mtungi wa chakula chako, na mtu anayeingia jikoni mwako ni mmoja.

Sikumuuliza. Hilo ndilo kosa langu, Nasimiyu. Kuogopa halikuwa kosa, mtu yeyote angeogopa. Kukhu alikuwa hatua thelathini kutoka hapo, anachambua mboga, ningetoka nikasema, "Mama, hii ni nini?" Badala yake nilichoma kile kifurushi, nikamwaga maharagwe yote kwenye mto, na siku ya soko nikaenda Bungoma mjini nikanunua kufuli.

Hapa Tuwan kufuli ni kufuli. Kule, mke wa boma akifungia jiko lake kufuli mbele ya mama mkwe, hakuna haja ya kuongeza neno. Umeshasema mbele ya ukoo wote kwamba mama huyu ni mlozi. Mimi sikujua ni kubwa hivyo. Hapana, ngoja, nisikudanganye kwenye barua ya kuagana. Nilijua kidogo.

Alikuja jioni na chungu cha maziwa. Akasukuma mlango, ukagoma. Akaiangalia ile kufuli muda mrefu. Unajua vile anasema, ile lugha yao ya kubadilisha l kuwa r, akasema polepole, "Kumbe mrango wako unafungwa." Basi. Akaweka maziwa chini pale nje, akaenda.

Hakuvuka tena mlango wangu. Hata siku moja. Alikuwa akisimama uani ananisalimia kwa adabu, "Mmeamkaje huko," kama mtu anapita barabarani. Wewe ukitambaa kumfuata anakurudisha mpaka kizingitini, anakuweka ndani, anarudi nyuma. Baba yako alikaa katikati akachoka, akaanza biashara ya ngozi huko Suam, mwisho akapata nyumba nyingine huko huko. Watu walisema ni biashara. Mimi nasema hata yeye hakupenda kuishi mahali ambapo mama yake anasalimiwa kutoka nje. Ukiwa na miaka miwili nilikubeba nikarudi Tuwan na mashine ya kushona, na kufuli.

Ndiyo hii. Hiyo unayoning'iniza kila siku ukisema ina kutu.

Sasa sikiza sehemu iliyonivunja. Ulikuwa darasa la tatu. Yule mama wa Kapsokwony anayetuletea maharagwe, alikuja siku hiyo na gunia jipya. Nikatia mkono nichague, nikagusa kifurushi. Majani makavu, majivu, kitambaa kuukuu. Nikarudi nyuma mpaka nikaangusha kiti.

Akaniangalia. "Nini wewe? Hujawahi kuona dawa ya fukusi?"

Nikamwambia, "Ya nini?"

"Ya wadudu wanaotoboa maharagwe, bana. Si ni yale magugu ya shambani baada ya mahindi, yanayonuka mpaka yanashika mkono. Unakausha, unafunga kwa kitambaa chepesi kipumue. Mimi natumia nguo za mtoto, ndio zimekwisha kulainika. Wewe umekulia wapi?"

Nikamwambia nimekulia hapa hapa mjini. Alicheka mpaka akashika ubavu. Nami nilicheka naye, halafu nikaingia ndani nikakaa kitandani nikiinusa mikono yangu.

Alikuwa ananitunzia maharagwe. Alijua msichana wa mjini hajui kuweka chakula, na hakutaka kuniaibisha kwa kunifundisha mbele ya wake wengine, akaniwekea kimya kimya nikiwa kliniki. Na kulia kwako, mtoto wangu, kulikuwa ni tumbo tu. Kuliisha ulipofika miezi mitano, kufuli au bila kufuli.

Miaka sita nimejua hili. Sijamwambia. Nilikuwa nangojea nafasi nzuri. Msiba wa babu yako tulipoenda, nilisimama karibu naye jikoni mchana mzima, nikikata sukuma wiki, nikitafuta pa kuanzia. Akaniuliza kama mtoto anasoma vizuri. Nikasema anasoma vizuri. Tukaachia hapo.

Ndio maana alipopiga simu kwa Mama Tabu akasema, "Mniletee mjukuu, shule iko hapa, naiona nikiwa uani," mimi nilikaa siku mbili bila kukuambia. Niliwaza, kwa nini sasa? Anataka kulipiza kisasi. Atamfundisha mtoto anichukie. Atamfanya wa kuteka maji. Mtu aliyeitwa mlozi na mke wa mwanawe, anataka nini na mtoto wa mke huyo? Nimelichambua hilo swali kama mchele na bado sijapata kijiwe. Inawezekana kijiwe hakipo. Lakini sitakudanganya kwamba nimeacha kutafuta.

Hata huu mpango wa kesho naona ni wa mtu asiyesahau. Amekuja Kitale, analala kwa dada yake, na bado amesema atasimama pale barabarani kwenye kibanda cha makaa, wewe utoke na sanduku umkute. Hatafika mlangoni. Ulikasirika ukasema, "Kukhu naye ana maringo." Si maringo. Nilitaka kukuambia wakati ule, nikarudi kwenye cherehani.

Sasa lile lingine nililosema litakuja. Ulipotoka na kibodi, na hiki kitu kikaamka bila kuniuliza, nilipitisha picha za nguo, na mwisho wa picha nikakuta maandishi yako. Umeyaacha hapo hapo, hujayafunga, hujayapa jina la kudanganya. Nikajiambia, nisisome. Nikasoma.

Nilitarajia kukuta mvulana. Au kukhu. Kumbe umeandika vitu vya mvua na mtihani, na mahali fulani umeandika, "Mama huangalia kufuli mara tatu kabla ya kulala. Mara ya tatu huuliza, Nasi, imefungwa? Nami husema imefungwa. Nikienda, nani atamwambia?"

Nimekizima. Halafu nimekiwasha tena kwa sababu uliniambia nisikizime.

Sikujua unahesabu. Nilidhani mtoto amelala, anaitikia kwa usingizi. Na sasa nimeanza kushuku tena, si unaniona? Nashuku uliyaacha wazi makusudi, kwa sababu unanijua, ulijua kidole changu kitafika huko kabla hujafika kwa Kizito. Kama ni hivyo, umenishinda. Kama si hivyo, nisamehe, na siku nyingine weka neno la siri.

Hapana. Usiweke.

Ninachotaka kukuomba ni hiki. Huko unakoenda utakuta vitu kwenye mitungi. Utakuta neno limesemwa nusu, utakuta mtu amenyamaza ulipoingia. Wewe una damu yangu, moyo utakimbia mbele kununua kufuli. Kabla haujafika dukani, toka nje umuulize mwenye mkono ulioviweka. Sema tu, "Kukhu, hii ni nini?" Hata kama unaogopa. Akikudanganya utajua, na asipokudanganya utakuwa umeokoa miaka. Mimi swali moja la maneno matatu ambalo sikuuliza limeninyang'anya ndoa, limekunyang'anya wewe bibi yako.

Na nilitaka kukutuma. Nilipoanza karatasi hii ndiyo ilikuwa kazi yake hasa. Nilitaka ukifika, ukiona amekaa vizuri, umwambie kwamba mama amejua yale majani yalikuwa ya fukusi, na kwamba anasema pole. Niliona ni rahisi, wewe una maneno. Lakini tangu nianze kuandika naona aibu kukupa mzigo huo na sanduku juu yake. Aliyefunga ni mimi. Sasa sijui. Labda kesho nikusindikize mpaka kibandani. Niliapa sitafika. Labda nifike, nisimame upande ule wa barabara, na akinisalimia kwa ile adabu yake nisi

Ngoja, watu wanabisha.

Si wewe peke yako. Wewe hubishi, wewe hugonga na kiatu. Nasikia unamwambia mtu akanyage hapa, pale kuna tope. Umechelewa kwa Kizito kumbe umepita kwa dada ya kukhu yako. Nasimiyu, umemwambia nini mpaka amevuka barabara?

Anaita. Anaita jina langu la nyumbani, si Mama Nasi. "Mrango uko wazi?" anauliza.

Umefungwa, mama, nakuja. Ufunguo niko nao hapa chini ya karatasi, nimeandika juu yake tangu mwanzo, kumbe ndio maana mistari inapanda. Usimwambie lolote, mwanangu, ya majani nitasema mimi, leo, nikishafungua tu, nimkaribishe ndani aketi pale kwenye kiti chenye mto, halafu nimwambie, mama, ule mtungi wa